KISANDUKU CHA FEDHA CHA MSAFIRI

Zamani, katika nchi za Ulaya, msafiri aliyeingia nyumba ya wageni jioni, amechoka na nguo zake zimelowa mvua, alipewa kitanda, alipewa moto wa kuota, na chakula aliandaliwa. Lakini kisu cha kukatia nyama hakupewa, na kijiko mara nyingi hakupewa pia. Mwenye nyumba hakuona haya kwa hayo, wala mgeni hakuudhika, kwa kuwa kila mtu alijua ya kwamba vyombo vya kulia ni vya mlaji mwenyewe, kama viatu vyake. Kisu kilikaa kiunoni katika ala, na kijiko kilikaa mfukoni au mkobani. Aliyesahau kijiko chake nyumbani aliinua bakuli akanywa mchuzi, akafuta mabaki kwa kipande cha mkate.

Uma ulikuwa bado haujajulikana na watu wengi. Mwaka 1608 Mwingereza mmoja, jina lake Thomas Coryat, alisafiri mpaka Italia, na sehemu kubwa ya njia alikwenda kwa miguu. Huko aliona jambo lililomshangaza. Watu walipokata nyama waliishika kwa uma mdogo, wala hawakuigusa kwa vidole. Coryat aliandika habari hiyo katika kitabu chake kilichopigwa chapa mwaka 1611, akaeleza ya kwamba Waitalia hawapendi chakula kiguswe kwa vidole, kwa sababu vidole vya watu si safi sawasawa. Naye aliporudi kwao akaendelea kula kwa uma. Rafiki zake walimcheka, wakamtania kwa ajili ya uma wake, kana kwamba mtu mzima ameonekana akichezea kitu cha watoto. Ni vema kuikumbuka habari hii kila anapotokea mtu wa kusema ya kwamba Wazungu wamekula kwa uma tangu mwanzo. Walikula kwa mkono kama watu wengine, na wakubwa wao waliletewa birika na beseni wanawe kabla ya kula, vile vile kama ilivyo desturi ya Waswahili.

Hata uma ulipokwisha kukubaliwa, msafiri alikuwa na vyombo vitatu vya kuchukua badala ya viwili, na kati ya hivyo viwili vina ncha. Kisu na uma vikiwekwa ovyo katika mkoba hutoboa nguo, hukwaruzana, tena hupotea. Kwa hiyo mafundi walianza kutengeneza vifuko na visanduku vya namna ya pekee, kila chombo kikiwa na mahali pake. Wengine walifanya vijiko vyenye mpini wa kukunjwa. Wengine walifanya kikombe cha fedha, na ndani ya kikombe hicho wakapanga kisu, uma, kijiko na kichupa cha chumvi, hata vyote pamoja havikuchukua nafasi kuliko kikombe chenyewe. Visanduku vingine vilifunikwa kwa ngozi ya papa au ya taa, iliyosuguliwa ikang'aa, kwa kuwa ngozi hiyo ni ngumu na maji hayaiharibu upesi. Baadaye, katika siku za Napoleon, fundi mmoja wa Paris aitwaye Biennais, ambaye duka lake lilijulikana kwa alama ya tumbili wa rangi ya zambarau, alipata sifa kubwa kwa kazi hiyo. Aliweza kupanga vyombo vya kulia, vya kunywea, vya kunyolea na vya kuandikia katika sanduku moja, hata aliyelifungua alistaajabu jinsi vilivyoingia.

Lakini wazo la kubana vyombo vingi katika kimoja ni la zamani sana kuliko Biennais. Mjini Cambridge, Uingereza, katika nyumba ya makumbusho iitwayo Fitzwilliam, kuna chombo cha fedha kilichotengenezwa na Warumi zaidi ya miaka 1,700 iliyopita. Mwisho wake mmoja ni kijiko. Kikikunjuliwa, hutokea uma wenye meno matatu, na kisu, na vijiti vya kuchokolea. Fedha yake ingali nzima. Kisu, ambacho kilikuwa cha chuma, kimeliwa na kutu.

Kutu hiyo yaonyesha kwa nini wenye mali walipenda fedha. Chuma cha zamani kilishika kutu upesi, tena kilipoguswa na siki au ndimu kilitia chakula ladha mbaya, hata samaki mzuri akaonja kama msumari. Fedha haifanyi hivyo. Hupata weusi, hasa ikiguswa na yai, lakini ikisuguliwa kwa kitambaa weusi huondoka. Dosari yake ni ulaini. Fedha tupu hupindika, na kwa sababu hiyo mafundi huichanganya na shaba kidogo. Sheria ya Uingereza ilitaka sehemu 925 za fedha katika kila sehemu 1,000. Hata ikichanganywa hivyo haishiki makali. Basi kisu cha msafiri tajiri kwa kawaida kilikuwa na mpini wa fedha na ubapa wa pua, na ubapa huo ulipaswa kufutwa ukauke kila baada ya kula. Pua isiyoshika kutu, ambayo leo hata mtu maskini anayo jikoni mwake, haikujulikana mjini Sheffield mpaka mwaka 1913, Harry Brearley alipoigundua.

Iko sababu nyingine, ambayo wasafiri waliielewa sana. Fedha ni fedha. Aliyeishiwa njiani aliweza kuuza kijiko chake kwa uzani, na mnunuzi hakujali kimefanywa na nani wala kwa nakshi gani. Wafua fedha wa Oman na wa pwani ya Afrika ya Mashariki walijua jambo hilo kwa njia iliyo kinyume, maana wao waliyeyusha reale za Maria Theresa wakafua bangili na mikufu. Fedha hugeuka umbo tu, na thamani yake yabaki.

Lakini mnunuzi atajuaje ya kwamba fedha ni safi, wala haikuzidishiwa shaba na fundi mwizi? Kwa ajili hiyo palikuwa na desturi ya kupiga chapa. Mjini Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, fundi alipiga chapa yake mwenyewe, kisha akapeleka kazi yake ipimwe. Ikiwa fedha ni halali, ilipigwa chapa ya mji, nayo ni ngome yenye minara mitatu, na chapa ya mpimaji, na herufi moja ya mwaka. Kila mwaka ulikuwa na herufi yake. Na kwa kuwa herufi haikubadilishwa siku ya kwanza ya Januari, herufi moja ilishika sehemu za miaka miwili. Kwa hiyo mtu aliyejifunza chapa hizo aweza kushika kijiko kikuukuu leo, akakitazama nyuma, akasema kilitoka mji gani, mkononi mwa nani, na katika mwaka gani.

Hivyo ndivyo inavyojulikana asili ya kisanduku kimoja ambacho habari zake ni za kusikitisha kuliko vyote. Kilifuliwa Edinburgh mwaka 1740 au 1741 na Ebenezer Oliphant, mfua fedha wa mji huo. Kisanduku chenyewe ni cha fedha, kimenakshiwa pande zote. Ndani yake mna vipande yapata 30: visu na uma na vijiko, vikombe viwili vya divai, chombo cha viungo, kijiko chembamba cha kutolea uboho wa mifupa, na kitu kidogo ambacho upande mmoja ni kizibuo cha chupa na upande wa pili ni mbuzi ya kukunia kungumanga. Tajiri wa siku zile alipenda kutia kungumanga katika kinywaji chake. Zao hilo lilitoka mbali sana, katika visiwa vya Banda huko mashariki, na bei yake haikuwa ndogo.

Ajabu yake si vyombo, bali alama zilizochorwa juu ya kisanduku. Ziko manyoya matatu, ambayo ni alama ya mrithi wa ufalme wa Uingereza, na mkufu wa heshima kuu ya Uskoti. Siku zile mfalme aliyekaa London alikuwa George wa Pili, naye alikuwa na mrithi wake. Kisanduku kilifanywa kwa ajili ya mtu mwingine. Kilifanywa kwa ajili ya Charles Edward Stuart, kijana aliyezaliwa Roma tarehe 31 Desemba 1720. Babu yake, Mfalme James, alikimbia Uingereza mwaka 1688, na tangu hapo jamaa yake walikaa ugenini wakidai kurudishiwa kiti chao. Yaelekea kisanduku kilikuwa zawadi ya Charles alipotimiza miaka 21. Oliphant alikuwa wa ukoo wa Oliphant wa Gask, watu walioshikamana sana na jamaa ya Stuart. Kuchora manyoya yale matatu kwa ajili ya Charles kulikuwa sawa na kusema ya kwamba mfalme wa London si mfalme. Mafundi wengi wangalikataa kazi hiyo, hata kwa malipo makubwa.

Charles alivuka bahari kutoka Ufaransa katika mwaka 1745, akatua kisiwani Eriskay tarehe 23 Julai, pamoja na watu wachache mno. Tarehe 19 Agosti alitweka bendera yake Glenfinnan, na koo nyingi za milimani zikamfuata. Watu wa milimani nao walikuwa na namna yao ya kuchukua vyombo vya kulia. Kila shujaa alivaa jambia kubwa kiunoni, na katika ala ya jambia hilo, juu ya ubapa, palikuwa na vijumba viwili vidogo: kimoja cha kisu, kimoja cha uma. Kwa watu hao silaha na chakula vilikaa mahali pamoja.

Walishika Edinburgh. Walishinda vita Prestonpans. Tarehe 4 Desemba walifika Derby, ndani ya Uingereza, na mpaka London palibaki yapata kilometa 200. Lakini Waingereza waliotumainiwa kuwaunga mkono hawakutokea, na wakuu wa jeshi wakaona ni afadhali kurudi. Charles alikasirika sana. Tarehe 6 Desemba jeshi likageuza uso kuelekea kaskazini, wakati wa baridi kali, na majeshi ya Mfalme George yakawafuata nyuma.

Aprili 1746 ilipofika, watu wa Charles walikuwa karibu na Inverness, na njaa ilikuwa imewapata. Chakula kilikuwapo mjini, mwendo wa saa chache tu, lakini hakikuletwa, kwa kuwa waliopewa kazi hiyo hawakuitengeneza vema. Tarehe 15 kila askari alipata biskuti moja kwa siku nzima. Jioni ile ile, huko Nairn, askari wa mfalme walikuwa wakinywa na kufurahi, kwa sababu amiri wao, William wa Cumberland, mwana wa Mfalme George, alitimiza miaka 25. Charles naye alikuwa na miaka 25. Tena wawili hao walikuwa jamaa wa damu, kwa maana wote walitoka katika uzao wa Mfalme James wa Kwanza wa Uingereza.

Charles aliazimu kuwashambulia usiku, wakiwa wamelala. Watu wake wakaenda gizani, katika matope na majani ya milimani. Wengine walianguka njiani kwa njaa na usingizi, wengine walitoroka kwenda kutafuta chakula. Alfajiri iliwakuta hawajafika. Ikawabidi warudi njia ile ile, na walipofika uwanja wa Culloden walijitupa chini wakalala. Baada ya saa chache waliamshwa, adui amekwisha kuonekana.

Kisanduku cha fedha kilikuwa nyuma, katika mizigo ya mwana wa mfalme. Visu vilikuwamo, na uma, na vikombe vya divai, na mbuzi ya kungumanga. Askari waliosimama mbele walikuwa na uma zao pia katika ala za majambia. Hakuna aliyekosa chombo cha kulia siku ile. Kilichokosekana ni kitu cha kula.

Vita vya tarehe 16 Aprili 1746 havikuchukua muda wa saa moja. Mizinga ya Cumberland iliwapiga watu wa milimani kabla hawajafika karibu, na uwanja wa majimaji uliwapunguzia mbio. Yapata watu 1,500 wa upande wa Charles walikufa, wengine wakiuawa baada ya kuanguka kwa majeraha, jambo ambalo Waskoti hawakulisahau. Nyumba za milimani zilichomwa moto, ng'ombe walichukuliwa, na sheria ikatolewa ya kuwakataza watu wa huko wasichukue silaha wala wasivae mavazi yao ya asili. Sheria ya mavazi haikuondolewa mpaka mwaka 1782.

Charles alikimbia. Mizigo yake ilitekwa, na katika mizigo hiyo kikaonekana kisanduku. Cumberland alimpa mmoja wa maofisa wake, George Keppel, aliyeitwa Bwana Bury, ambaye pia ndiye aliyetumwa kupeleka habari za ushindi London. Hivyo manyoya matatu yaliyochorwa kwa siri na kwa hatari yakawa nyara katika nyumba ya adui. Miaka mingi ikapita. Mwaka 1984 kisanduku kilinunuliwa kwa ajili ya makumbusho ya taifa ya Uskoti, na sasa kimewekwa Edinburgh, katika mji ule ule alimokifulia Oliphant.

Na mwenyewe je? Charles alitangatanga kwa muda wa miezi mitano, katika visiwa na milima, na serikali ilitoa ahadi ya pauni 30,000 kwa mtu atakayemkamata. Pauni hizo zingaliweza kutajirisha ukoo mzima. Watu wa milimani walikuwa maskini, na wengi wao nyumba zao zilikuwa zimechomwa kwa ajili yake. Mamia ya watu walijua, siku hii au siku ile, mahali alipo. Hakuna aliyezichukua. Flora MacDonald, msichana wa miaka 24, alimvusha kwa mashua mpaka kisiwa cha Skye, naye Charles amevaa gauni kama mtumishi wa kike. Alikuwa mtumishi mbaya sana, kwani alipovuka kijito aliinua gauni juu mno, hata waliokuwa pamoja naye wakaogopa atatambuliwa. Flora alikamatwa baadaye akapelekwa London, akaachiliwa mwaka 1747.

Mwana wa mfalme alilala mapangoni. Alikula unga wa oti, nafaka ya nchi za baridi, uliokorogwa kwa maji. Na nyama ilipopatikana aliila kwa vidole, kwa namna ile waliyokula wazee wa Coryat. Alipata chawa, na viatu vyake vilipasuka. Tarehe 20 Septemba 1746 merikebu ya Kifaransa ilimchukua kutoka pwani ya Uskoti, wala hakurudi tena huko, mpaka akafa Roma mwaka 1788.

Lakini kabla ya kuondoka, mwishoni mwa Agosti, alifika katika kibanda kilichofichwa mlimani Ben Alder. Humo alikuwamo mkuu mmoja wa ukoo, Lochiel, pamoja na wenzake, naye angali akichechemea kwa majeraha ya miguu aliyoyapata Culloden. Walikuwa na sufuria moja tu, ambayo ndiyo chombo chao chote cha kupikia, nao waliichukua kila walikokwenda. Walimpikia nyama iliyokatwakatwa na kutiwa siagi. Charles hakungoja ipakuliwe, tena hapakuwa na kitu cha kupakulia. Akaketi akala katika sufuria, uso wake umechangamka, akawaambia wenyeji wake ya kwamba sasa anaishi kama mwana wa mfalme. Sahani hakuwa nayo, wala kikombe cha divai, wala kungumanga. Lakini mkononi, kama ilivyoandikwa na waliohifadhi habari za siku ile, alikuwa na kijiko cha fedha.